Magitaa Yanayomwitikia Mama Mkwe

Mama mkwe alifundisha michezo kwa miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki filimbi. Filimbi ya nini? Alisimama kwenye goli moja akaita, na mtoto aliyejibanza nyuma ya choo, ng'ambo ya goli la pili, akajikuta yuko kwenye mstari hata hajui miguu yake imeondoka saa ngapi. Siku ya kustaafu ilipofika alipewa barua, saa ya ukutani na makofi. Sauti haikupewa barua. Ikarudi naye nyumbani ikiwa na nguvu zake zote, na huko ikakosa uwanja.

Nyumba ilikuwa yake: vyumba vinne, sebule, ua wa sementi, na chumba cha mbele chenye mlango wa kutokea barabarani. Katika chumba hicho ndimo mkwewe, mume wa binti yake wa pili, alimotengenezea magitaa. Mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa na vidole virefu na subira fupi, na aliamini kwamba ulimwengu umegawanyika mafungu mawili: wanaosikia, na wenye masikio ya kuvalia miwani.

Ukutani palining'inia magitaa saba, kila moja kwenye ndoano yake, yakisubiri wenyewe. Na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kila siku saa saba mchana Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jikoni akaita: "Njooooni!" Watoto wake, wote watu wazima, hakuna aliyeitika. Mmoja alikuwa kwenye simu, mwingine kwenye simu, wa tatu anaitafuta simu. Lakini kutoka chumba cha mbele, sauti ilipokwisha, kitu kilijibu kwa upole: mmmmm.

"Mkwe," Mama mkwe alimwambia siku ya kwanza, "kwenu mtu mzima akiita, mtu huguna?"

"Sijaguna, mama. Ni magitaa."

"Magitaa yameguna."

"Ndiyo, mama."

"Yamejifunza kwa nani?"

Fundi akacheka peke yake. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Wiki iliyofuata Fundi alikwenda kununua gundi, chumba kikafungwa kwa kufuli, Mama mkwe akaita, na chumba kilichofungwa kikaitika. Akaita tena. Kikaitika tena. Mama mkwe akakaa kwenye kiti cha jikoni na mwiko mkononi, akawaza.

Kumbe hakuwa akiwaza peke yake. Kitinda mimba wake, kijana wa miaka thelathini na minne, aliitwa Meneja kwa kuwa alishaendesha biashara nne, na zote zilifariki zikiwa bado changa: kuku, mitumba, vocha, na kuku tena. Sasa alikitaka chumba cha mbele kwa ajili ya ofisi. Dada yake alipomuuliza ofisi ya nini, alijibu, "Kwanza ofisi. Ya nini itafuata." Mtu huyu hakuwa akiamini chochote duniani, hata kuamka, lakini aliposikia habari ya magitaa akapata imani siku hiyo hiyo.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "chumba kile kina watu. Watu wasioonekana. Ni afadhali kitumike kwa kitu chenye mwanga. Ofisi, kwa mfano."

Basi likaitishwa baraza la familia, Jumapili saa tisa alasiri, kuamua jambo moja tu: Fundi abaki na chumba au afungashe mbao zake. Na asipopata chumba kile, hakuwa na pengine pa kufanyia kazi. Mwenye chumba gani atampangisha mtu anayepinda mbao kwa mvuke na kugonga tangu alfajiri? Fundi bila chumba ni mwanamume mwenye bisibisi mfukoni.

"Si uyafunge kitambaa tu?" mkewe alimwambia Ijumaa, akiwa amekaa kwenye cherehani yake. "Pitisha kitambaa katikati ya nyuzi, zinyamaze, mama atulie, tule kwa amani."

"Gitaa si mgonjwa wa jino mpaka lifungwe kitambaa."

"Chumba kitaondoka, mume wangu."

"Hakiondoki. Nitawaeleza."

"Utamweleza nani?" Mkewe aliacha kukanyaga cherehani. "Unawajua watu wetu?"

"Jambo lenyewe la mtoto wa darasa la tatu! Uzi ni kama bembea. Bembea ina mwendo wake. Ukiisukuma nje ya mwendo wake, haiendi popote. Ukiisukuma kwa mwendo wake, hata kwa kidole, inapanda. Sauti ni hewa inayosukuma. Kila uzi una sauti yake. Ikipita hewani unaitika, ikipita nyingine unalala. Nani atashindwa kuelewa?"

Mkewe alimtazama kwa huruma ya mtu aliyezaliwa katika ukoo huo.

Jumapili ikafika. Mwenyekiti alikuwa Mjomba, kaka yake Mama mkwe, karani mstaafu wa mahakama, ambaye aliandika kumbukumbu za kila kitu, hata za kuchagua rangi ya mapazia. Alifika na daftari, kalamu tatu na miwani miwili. Wakakaa chumba cha mbele chenyewe, kwa amri yake, kwani baraza lazima likague eneo la tukio.

Fundi alikuwa ameshajiandaa. Juu ya meza ya kazi alilaza magitaa mawili, tumbo juu. Kwenye nyuzi zote sita za gitaa la pili alikalisha vikaratasi vilivyokunjwa mfano wa paa la nyumba, kila uzi na kipaa chake, katikati kabisa.

"Tazameni hili," alisema. "Silishiki. Silipulizi. Sasa napiga uzi wa tano wa hili jingine."

Akapiga. Kwenye gitaa la pili, kikaratasi cha uzi wa tano kikatetemeka, kikacheza, kikaanguka. Vile vitano vingine havikujali.

"Lo!" alisema Mjomba. "Amemtambua mwenzake."

"Hajamtambua, mjomba. Sauti zao ni sawa, basi."

"Ndiyo namna ya kutambuana," Mjomba alisema, akaandika.

Fundi akakirudisha kikaratasi mahali pake. "Sasa, mama, naomba uite kama unavyoita mchana. Utaona kwamba ni uzi huo huo."

Mama mkwe akasimama, akashika kiuno, akasahau kwamba yumo ndani ya chumba. "Njooooni!" Kioo cha dirisha kikalia. Jirani wa nyumba ya tatu akaitika, "Nakuja!"

Kikaratasi kilikaa palepale. Hakikutikisika hata kidogo.

"Labda Jumapili magitaa huwa likizo," alisema Meneja.

Watu wakacheka. Fundi akainama, akatega sikio: uzi ulikuwa unaimba! Aliusikia waziwazi. Unaimba, na kikaratasi kimekaa juu yake kama mkubwa kwenye kiti cha mbele. Akakodoa macho. Halafu akajipiga kipaji cha uso.

"Mjinga mimi! Mama, sauti yako iko juu ya uzi huu mara mbili kamili. Uzi hauwezi kuifuata ukiwa mzima, kwa hiyo unajigawa nusu mbili. Nusu hii ikienda juu, ile inakwenda chini. Kama ule ubao wa kupanda watoto, mmoja huku, mmoja kule. Katikati ya ubao panapanda?"

"Hapapandi," alisema Mama mkwe. Alikuwa mwalimu wa michezo, ubao aliujua. "Katikati ndipo nilipomkalisha mtoto mwoga."

"Basi nami nimekikalisha kikaratasi kwa mwoga. Sikilizeni." Akagusa uzi kwa ncha ya kidole juu ya chuma cha kumi na mbili kwenye shingo ya gitaa, nusu kamili ya uzi, bila kuukandamiza, kama mtu anayempangusa mtoto aliyelala, akaupiga na kuondoa kidole. Ikatoka sauti nyembamba, safi, ya juu, ikaning'inia hewani kama kengele ya mbali. "Hii imo ndani ya uzi siku zote. Haisikiki mpaka uuguse mahali pake. Na hii ndiyo sauti ya mama."

Mama mkwe akakaribia meza.

"Hiyo?" aliuliza Mama mkwe. "Hiyo ndiyo sauti yangu?"

"Ndiyo, mama."

"Nzuri namna hiyo?"

Kwa mara ya kwanza tangu aoe, Fundi alinyamaza kwa wakati unaofaa. Akakisogeza kikaratasi hadi robo ya uzi. Mama mkwe akaita tena, na safari hii aliita akiwa na haya kidogo, kama anayejua anatazamwa. Kikaratasi kikaruka, kikatua kwenye daftari la Mjomba.

Hapo Fundi angesema asanteni, akafunga mkutano, mambo yangekwisha. Lakini Mjomba alikuwa ametumikia mahakama miaka arobaini, na mtu kama huyo ukimwonyesha kitu chochote kinachojibu kikiulizwa, atakitafutia kizimba.

"Na wengine wajaribu," aliagiza, na Fundi akakirudisha kikaratasi kwenye robo ya uzi.

Meneja akaita. Sauti yake ilitoka nyembamba, imejaa kikohozi, kikaratasi hakikumjua. Shangazi wa nyumba ya nyuma, aliyekuja kwenye baraza, akaita. Wapi! Mjomba mwenyewe akakohoa, akaweka kalamu chini, akanguruma. Hakuna. Aliudhika, lakini karani mzuri haweki maudhi kwenye kumbukumbu.

"Nimeelewa," alisema, akavua miwani ya kwanza na kuvaa ya pili. "Chombo hiki kinamwitikia mwenye nyumba. Hakimwitikii anayeitaka nyumba. Maana yake chombo hiki kinajua haki. Kwa hiyo, kabla ya uamuzi, kila mhusika atasema mbele ya chombo. Akisema kweli, kitaitika. Akidanganya, kitanyamaza."

Fundi alifungua mdomo. Mkewe, aliyekaa kwenye kigoda kando ya mlango, akamkazia macho: nyamaza, mume wangu, upepo unavuma upande wetu. Fundi akaufunga mdomo. Akaimeza elimu yake yote kama mtu anayemeza mwiba wa samaki mbele ya wakwe, akitabasamu.

"Meneja," aliita Mjomba, "ofisi unayoitaka ni ya nini?"

"Ya... ushauri wa biashara."

Kikaratasi kilikaa tuli. Shangazi akaangua kicheko mpaka akashika ubavu. "Kuku wenyewe wamekufa wakisubiri ushauri wako!"

Meneja hakuwa msomi, ila hakuwa mjinga. Aliona chumba kinamponyoka, akasimama kidole juu. "Basi na yeye aulizwe! Muulizeni juzi jikoni alisema nini kuhusu sauti ya mama. Nilikuwa uani, nimesikia kwa masikio yangu. Alimwambia dada: mama yako ana sauti ya tarumbeta lililokanyagwa na lori."

Ungesikia sindano ikianguka. Sindano yenyewe ilianguka, ya mkewe, maana alikuwa anashona pindo.

"Mkwe," alisema Mama mkwe polepole, "ulisema?"

Na hapa Fundi akakumbuka kwamba yeye, kati ya wote waliokaa mle, ndiye pekee aliyejua siri ya kuitikiwa. Hakuhitaji kuwa mkweli. Alihitaji kuwa kwenye sauti. Aseme "Sikusema" juu ya sauti ya uzi wa tano, airefushe kidogo, kikaratasi kiruke, chumba chake. Ni kazi ya pumzi moja. Akavuta hewa, akaitafuta sauti kichwani, akaipata.

"Sikusemaaa."

Koo lilikuwa limekauka. Sauti ilitoka chini kidogo ya pale ilipotakiwa, kiasi cha unywele tu, lakini uzi haukubali unywele. Kikaratasi kilikaa kama mgeni aliyeahidiwa chai.

"Chombo kimenyamaza," alisema Mjomba kwa masikitiko ya kikazi. "Iandikwe."

Akaanza kuandika. Meneja alikuwa tayari anaupima ukuta kwa macho, meza ikae wapi. Na Fundi, ambaye alikuwa ameshindwa kusema uongo kwa kukosa sauti, si kwa kukosa nia, alihisi damu ikimpanda mpaka kwenye nywele.

"Andika na hili!" alifoka. "Huu ni uzi! Ni chuma na shaba! Haujui kweli, haujui haki, haumjui mwenye nyumba! Mimi ndiye niliyeufunga na mimi nawaambieni, haujui kituuuu!"

Kikaratasi kikaruka hadi darini.

Kalamu ya Mjomba ikasimama. Akakisoma alichoandika, akakifuta, akaandika tena. "Amesema chombo hakijui kweli," alinong'ona. "Chombo kimethibitisha kwamba ni kweli. Sasa, kama kimethibitisha, basi kinajua. Na kama kinajua, amedanganya. Na kama amedanganya, kingenyamaza..." Miaka arobaini mahakamani hakuwahi kukutana na shahidi wa aina hiyo. Akaomba maji ya kunywa.

Mama mkwe hakuwa akikitazama kikaratasi. Alikuwa akimtazama mkwewe.

"Achana na uzi," alisema. "Nakuuliza mimi, mkwe. Ulisema?"

Fundi akatazama chini. Hasira ilikuwa imekwisha, na chumba nacho kimekwisha, kwa hiyo hakubaki na sababu ya kudanganya.

"Nilisema, mama."

"Tarumbeta?"

"Tarumbeta."

"Na lori?"

"Na lori, mama."

Mkewe alijifunika uso kwa kile alichokuwa anashona. Mama mkwe alimkazia macho mkwewe mpaka Meneja akathubutu kutabasamu.

"Lori kubwa au dogo?"

"Samahani, mama?"

"Lori lililonikanyaga."

Fundi alifikiri. "La mchanga, mama. Lenye mchanga."

Mama mkwe akacheka. Si kicheko cha kuziba mdomo kwa kiganja. Ni kicheko cha goli hadi goli, na magitaa yote ukutani yakapokea, moja baada ya jingine, mpaka chumba kizima kikawa kinavuma na watu wakashika viti vyao.

"Nisikilizeni," alisema alipopata pumzi. "Nina watoto watano. Saa saba nikiita chakula, hakuna anayesema abee wala naam. Mnakuja baadaye mmoja mmoja, mnafunua sufuria, mnauliza mbona kimepoa. Nikadhani sauti yangu imekufa, nikazidi kupaza. Kumbe kuna mbao humu zinaniitika kila siku, nami naziita majini. Chumba hakihami."

"Lakini mama," alianza Meneja.

"Leo asubuhi nimekuita mara tatu. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa... nimelala."

"Ukisikia?"

Meneja akatazama gitaa lililolala mezani, kikaratasi kimeanguka, hakuna hatari tena. Hata hivyo akaona heri asijaribu bahati. "Nikisikia," alisema.

"Mjomba, andika hivyo. Chumba ni cha Fundi." Akanyanyuka, akajipangusa gauni. "Ila kesho nahamishia kiti changu humu."

Fundi alikuwa tayari ameshatabasamu, na tabasamu likamgandia usoni. Akafungua mdomo apinge. Mkewe akamkanyaga mguu, kwa ustadi wa mtu aliyezoea cherehani.

Jumatatu saa mbili asubuhi, Mama mkwe alikuwa ameshakaa kitini katikati ya chumba, mgongo wima, akiyaita magitaa ya ukutani mmoja mmoja kama wanafunzi na kusikiliza yanavyojibu. Yule mwekundu ana adabu. Yule mwenye ufa ana mafua. Fundi, mwenye gitaa mapajani ambalo alikuwa analitafutia sauti yake tangu alfajiri, aliipata na kuipoteza mara tisa.

Ndipo mteja alipoingia, mtu mpole mwenye kofia, kuchukua gitaa lake jekundu.

"Hilo?" aliuliza Mama mkwe. "Unalipeleka wapi?"

"Nyumbani, mama. Ni langu."

"Nyumbani kwako kuna mtu anayeita kwa sauti?"

Mteja alifikiri. "Naishi peke yangu, mama."

"Sasa litamwitikia nani huko? Unataka lisahau kuitika?"

Mteja akamgeukia Fundi, akisubiri fundi aseme kitu cha kifundi. Fundi alitazama gitaa, akatazama kiti, akatazama mlango wa ndani ambako cherehani ilikuwa imenyamaza kabisa ili isikose neno.

"Huyu ni mama mkwe wangu," alisema.

Mteja, ambaye usoni alionekana ni mtu aliyewahi kuoa, alivua kofia, akampa Mama mkwe shikamoo, akasema hakuna haraka, angepita tena Alhamisi.